Safari ya Milima ya Mahale: Maandalizi huanza nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

WAHENGA walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika msitu wa Kasoge, chini ya Milima ya Mahale na kando ya Ziwa Tanganyika, methali hiyo yapaswa kutafakariwa upya. Mwenyeji wa huko ni sokwe mtu, na mgeni aingiaye msituni akiwa na mafua anaweza kumwachia mwenyeji wake kifo badala ya nafuu. Kwa sababu hiyo, safari ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale haianzi bandarini Kigoma wala kwenye ngazi za ndege. Huanza nyumbani, siku msafiri anapoketi kupanga tarehe, nauli na, zaidi ya yote, afya yake.

Makala haya yanaeleza mambo ya msingi ambayo Mtanzania au mgeni kutoka nje anapaswa kuyafahamu kabla ya kufunga safari hiyo: mahali hifadhi ilipo, njia za kufika, msimu unaofaa, taratibu za kuwaona sokwe na sababu za taratibu hizo kuwa kali kuliko zile za hifadhi nyingi nyingine nchini.

Hifadhi isiyo na barabara

Mahale ipo katika Wilaya ya Uvinza, Mkoa wa Kigoma, takribani kilomita 130 kusini mwa mji wa Kigoma. Ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,613. Ni kubwa mara nyingi kuliko Hifadhi ya Gombe, ndugu yake wa kaskazini anayejulikana zaidi duniani. Mpaka wake wa magharibi hauishii ufukweni: huingia ziwani kwa upana wa kilomita 1.6, na katika ukanda huo uvuvi umepigwa marufuku.

Umbo la nchi ndilo linaloitofautisha Mahale na mbuga ambazo Watanzania wengi wamezizoea. Uso wa ziwa upo mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo ardhi hupanda ghafla, bonde kwa bonde na mgongo kwa mgongo, hadi kilele cha Mlima Nkungwe chenye urefu wa mita 2,462. Mteremko unaolitazama ziwa hupata mvua na ukungu wa kutosha, na kwa hiyo umefunikwa na msitu mnene. Upande wa pili wa milima, mashariki, ni nchi ya miombo na nyasi, ambako tembo, twiga na simba hupatikana.

Ndani ya hifadhi hakuna barabara za watalii. Mgeni haketi garini akimsubiri mnyama apite dirishani. Hutembea kwa miguu, au hupita ziwani kwa boti. Asiyeweza kupanda mteremko kwa saa mbili au tatu, juu ya mizizi na mawe yenye utelezi, anapaswa kuzungumza na watumishi wa hifadhi kabla ya kulipia, wala si baada ya kufika. Hakuna aibu katika jambo hilo. Aibu ipo katika kumlazimisha mwongozaji kumbeba mtu mzima kurudi ufukweni.

Historia fupi inayomfaa msafiri

Kabla ya kuwa hifadhi, mwambao huu ulikuwa makazi ya Watongwe, waliolima, kuvua na kuwinda katika mabonde hayo na kuvitukuza vilele vya milima kama makao ya mizimu yao. Katika miaka ya 1970, wakati wa mpango wa kuwakusanya wananchi katika vijiji vya ujamaa, wengi wao walihamia nje ya eneo hilo. Nyuma yao ilibaki miembe, milimau na mipera. Watafiti walishuhudia jambo la ajabu: sokwe ambao awali hawakuyajali matunda hayo walianza kujifunza kuyala, mmoja baada ya mwingine.

Utafiti wenyewe ulianza mwaka 1965, pale mwanasayansi wa Japani, Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alipoweka kambi Kasoge. Umeendelea hadi leo, na ni miongoni mwa tafiti za sokwe zilizodumu kwa muda mrefu zaidi duniani. Katika miaka ya mwanzo sokwe walivutwa karibu na watu kwa miwa na ndizi. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1987. Tangu hapo sokwe hajiwi na mtu, bali mtu ndiye amfuataye sokwe. Msafiri anayejiuliza kwa nini haahidiwi kuwaona sokwe saa nne kamili asubuhi amepata jibu lake hapo.

Watongwe nao hawakuachwa nje ya elimu hiyo. Mwaka 1987, Mohamedi Seifu Kalunde, askari wa wanyamapori na mganga wa jadi wa Kitongwe, akiwa pamoja na mtafiti Michael Huffman, walimwona sokwe mgonjwa akimenya shina la mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso na kunyonya maji yake. Mti huo hutumiwa na wenyeji kutibu maradhi ya tumbo na homa. Maandishi yao ya pamoja yalikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza wa kisayansi kwamba wanyama pori hujitibu. Ni vema mgeni akumbuke, anapoongozwa msituni na kijana wa vijiji vya jirani, kwamba anaongozwa na elimu yenye mizizi mirefu.

Namna ya kufika

Lango kuu la Mahale ni mji wa Kigoma. Mji huo hufikiwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam, kwa mabasi, au kwa treni ya Reli ya Kati ipitayo Tabora. Kutoka Kigoma zipo njia kadhaa za kuendelea, na kila moja ina gharama na subira yake.

Ya kwanza ni boti ya kukodi. Boti yenye injini kubwa huweza kufika hifadhini kwa saa nne hadi tano ziwa likiwa limetulia. Boti za mbao zinazobeba abiria na mizigo baina ya vijiji vya mwambao ni nafuu zaidi, lakini huchukua siku nzima au usiku kucha, na husimama kila penye mtu wa kushuka. Msafiri asipande chombo chochote kabla ya kuona jaketi la kuokoa maisha lenye saizi yake, na ahakikishe chombo hakijazidisha watu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na ni la pili kwa kina duniani. Si maji ya kufanyia majaribio. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini mashariki huweza kuvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi, hivyo manahodha wazoefu hupenda kung'oa nanga alfajiri.

Ya pili ni ndege ndogo. Kando ya ziwa, karibu na hifadhi, kuna kiwanja kidogo kinachopokea ndege za kukodi na zile za ratiba zinazokuja siku chache tu kwa wiki katika msimu wa utalii, mara nyingi zikiunganisha na Hifadhi ya Katavi. Kutoka kiwanjani mgeni humalizia safari kwa boti. Njia hii ni ya haraka na ya gharama kubwa, na ratiba yake ndiyo huamua idadi ya siku ambazo mgeni atakaa.

Ya tatu ni barabara. Ipo njia itokayo Kigoma kupitia Ilagala kuelekea Kalya, inayowafikisha wasafiri katika vijiji vya Tarafa ya Buhingu, jirani na hifadhi. Wakati wa mvua njia hiyo humtaka msafiri awe na gari lenye nguvu na dereva anayeifahamu. Nayo pia humaliziwa kwa boti.

Wengi huuliza kuhusu MV Liemba, meli kongwe iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924. Kwa miongo mingi meli hiyo iliwashusha wageni wa Mahale katika kituo cha Lagosa usiku wa manane, ambapo mitumbwi iliifuata kati ya maji kupokea abiria. Meli hiyo ilisimamishwa kwa ajili ya ukarabati mkubwa. Asipange mtu safari kwa kuitegemea kabla ya kupata uthibitisho katika ofisi za meli bandarini Kigoma.

Msimu unaofaa

Mwaka wa Mahale umegawanyika sehemu mbili. Mvua huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kiangazi ni kuanzia Mei hadi Oktoba. Hifadhi huweza kutembelewa katika majira yote, lakini anayetaka kuwaona sokwe bila kuteseka sana achague kati ya Julai na Oktoba. Katika miezi hiyo njia huwa kavu, na sokwe huonekana zaidi kwenye miteremko ya chini, karibu na ufukwe. Wakati wa mvua msitu huwa na uzuri wake, vipepeo ni wengi na maporomoko ya maji yamejaa, lakini utelezi ni mkubwa na baadhi ya kambi binafsi hufungwa.

Kosa linalowagharimu wageni wengi si la mwezi, bali la siku. Mtu husafiri siku mbili kufika, akapanga usiku mmoja, na sokwe siku hiyo wakawa wamevuka mgongo wa mlima wa mbali. Pangeni angalau usiku tatu. Hilo huwapa siku mbili za kuingia msituni, na huacha nafasi ya hali ya ziwa kubadilika bila kuvuruga ratiba ya kurudi. Mwenye haraka na Mahale huondoka na picha za ziwa peke yake.

Saa moja pamoja na sokwe

Inakadiriwa kuwa mamia ya sokwe mtu huishi katika milima hiyo, lakini wageni hupelekwa kwa kundi moja tu lililozoea kuwepo kwa binadamu, linaloitwa kundi la M, lenye sokwe wapatao 60. Kazi huanza mapema. Wafuatiliaji huingia msituni alfajiri kutafuta mahali sokwe walipolala, kwa kuwa kila jioni sokwe hujisukia viota vipya vya matawi juu ya miti. Wakishawapata, hutoa taarifa kwa simu ya upepo, ndipo wageni wanapoondoka kambini. Mwendo unaweza kuwa wa nusu saa, au wa nusu siku.

Kanuni za kuwatazama ni hizi. Kundi moja la wageni halizidi watu sita, pamoja na mwongozaji. Muda wa kukaa na sokwe ni saa moja. Kila mtu huvaa barakoa muda wote huo. Umbali usipungue mita 10, na sokwe akisogea mwenyewe, mgeni hurudi nyuma au husimama pembeni ya njia kwa utulivu mpaka apite. Hakuna kula, kunywa, kuvuta sigara wala kutema mate karibu nao. Hakuna kupiga picha kwa mwanga wa kamera. Watoto wa umri wa chini ya miaka 12 hawaruhusiwi kwenda kuwaona. Anayehitaji kujisaidia humweleza mwongozaji, wakasogea mbali na njia ya sokwe na uchafu ukafukiwa shimoni. Na mwenye kikohozi, mafua, homa au tumbo la kuhara hubaki kambini, hata kama amelipa na hata kama ndiyo siku yake ya mwisho.

Kwa nini mafua yako ni suala la hifadhi

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayowaumiza wageni zaidi, na ndiyo iliyo na sababu nzito kuliko zote. Sokwe ni ndugu wa karibu wa binadamu kibayolojia. Vinasaba vyake hulingana na vya binadamu kwa takribani asilimia 98. Ukaribu huo ndio unaomfanya mtu ajione katika macho ya sokwe, na ndio pia unaoviruhusu vimelea vyetu kuingia katika mapafu yake. Tofauti ni kwamba sisi tumeishi na virusi vya mafua vizazi kwa vizazi, wakati mwili wake haujavizoea.

Hili si jambo la kudhania. Katikati ya mwaka 2006, ugonjwa wa njia ya hewa ulilipuka katika kundi la M. Sokwe walionekana wakikohoa, wakitokwa na kamasi na kudhoofika, na kadhaa wakafa, wakiwemo watoto. Uchunguzi wa sampuli zao ulibaini kirusi kinachohusiana na virusi vinavyosababisha maradhi ya njia ya hewa kwa binadamu. Matukio ya aina hiyo ndiyo yaliyoipa nguvu kanuni ya barakoa Mahale, miaka mingi kabla ya janga la UVIKO-19 kuifanya barakoa ijulikane na kila mtu.

Uzito wa hasara hiyo hueleweka zaidi kwa kutazama uzazi wa sokwe. Jike huchelewa kukomaa, na akishaanza kuzaa hupata mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano au sita, kwa kuwa hulea kwa muda mrefu. Kundi likipoteza majike watatu katika mwezi mmoja, pengo hilo huchukua zaidi ya muongo kuzibika. Kikohozi cha siku tatu kwa mtalii ni jeraha la miaka kumi kwa kundi.

Hivyo basi, maandalizi ya afya ni sehemu ya mpango wa safari kama ilivyo nauli. Wiki mbili kabla ya kuondoka, msafiri ajiepushe na watu wenye mafua kadiri awezavyo. Ahakikishe chanjo zake zimekamilika na apate ushauri wa daktari kuhusu kinga ya malaria, kwa kuwa mwambao wa ziwa una mbu. Abebe barakoa zake za akiba. Na awe amekubaliana na nafsi yake mapema: nikiugua, sitaingia. Uamuzi huo ni rahisi kuufanya sebuleni kuliko kuufanya Kasiha asubuhi, wenzako wakifunga kamba za viatu.

Malipo, malazi na mizigo

Ada ya kuingia hifadhini hutozwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) kwa kila saa 24, na viwango vya raia wa Afrika Mashariki ni vya chini sana kuliko vya wageni kutoka nje. Raia abebe kitambulisho chake ili atozwe kiwango stahiki. Malipo hayafanywi kwa fedha taslimu langoni. Msafiri aombe namba ya malipo ya Serikali na akamilishe kila kitu angali Kigoma, kwa kuwa mtandao wa simu ndani ya hifadhi ni hafifu. Pamoja na ada ya kuingia kuna malipo ya mwongozaji na ya malazi. Aulize yote kwa mara moja, aandike.

Kwa malazi, zipo kambi binafsi za gharama ya juu ufukweni, na yapo mabanda ya TANAPA eneo la Kasiha kwa wenye bajeti ya kawaida. Anayelala mabandani hubeba chakula chake kutoka masoko ya Kigoma: mchele, unga, mafuta, mboga na matunda ya kutosha siku zote na siku moja ya ziada. Hakuna duka msituni.

Mizigo iwe michache na ya maana. Viatu vya kupandia milima vilivyokwisha kuzoea mguu, soksi ndefu za kuchomekea suruali dhidi ya siafu, koti jepesi la mvua, tochi, dawa ya mbu, chupa ya maji, betri za akiba na mfuko usiopenya maji kwa ajili ya simu na kamera. Taka zote zisizooza hurudi na mwenyewe Kigoma.

Zaidi ya sokwe

Mahale haikomi kwa sokwe. Miti ya Kasoge ina mbega wekundu, tumbili na ndege wengi. Chini ya maji, samaki wadogo wenye rangi za kupendeza huonekana kwenye miamba. Aina nyingi kati yao hazipatikani popote pengine duniani isipokuwa Ziwa Tanganyika. Kuogelea hufanyika mahali na wakati anaoruhusu askari wa hifadhi tu, kwa sababu ziwa hilo zuri lina mamba na viboko. Mwenye nguvu za kutosha anaweza kupanga kupanda Nkungwe kwa siku mbili hadi tatu akisindikizwa na askari mwenye silaha, lakini taarifa itolewe mapema.

Jioni, jua likizama upande wa Kongo na taa za wavuvi wa dagaa zikianza kuwaka mbali nje ya mpaka wa hifadhi, mgeni huona ni kwa nini watu huvumilia safari hiyo ndefu. Saa moja aliyopewa na sokwe itakuwa imekwisha. Kipimo cha safari njema hakipo katika picha alizopata. Kipo katika jambo ambalo hatalishuhudia mwenyewe: wiki mbili baada ya yeye kurejea nyumbani, wafuatiliaji wa kundi la M waingie msituni alfajiri, wasikilize chini ya viota, na wasisikie kikohozi chochote. Hapo ndipo mgeni atakuwa amekuja, na mwenyeji amebaki mzima.